Vitenzi vidogo vya Kiingereza na kazi zake nyingi: mwongozo wa kuvitumia kila siku

Darasa langu la jioni lina wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii na dada mmoja wa mapokezi aliyefaulu vizuri Kiingereza kidato cha nne. Wote wanajua "postpone", "tolerate" na "investigate". Lakini mgeni akisema "We've put it off till Friday", au "I can't put up with this noise", au "Could you look into it?", wanatazamana. Neno mojamoja wanalijua. Yakikaa pamoja, maana imewatoroka.

Chanzo chake ni cha zamani. Shule imetupa Kiingereza cha vitabuni, na Kiingereza hicho kimejaa maneno yaliyoingia kupitia Kifaransa na Kilatini, mengi yake baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066: maneno ya mahakama, ya kanisa na ya wasomi. Jikoni na sokoni watu waliendelea na maneno yao mafupi. "Get" na "take" yaliletwa na watu wa Skandinavia waliokuja kuvamia, kisha wakalowea hukohuko. Ndiyo maana hadi leo Mwingereza akiandika barua ya ofisi husema "postpone", na akiongea na jirani yake husema "put off". Anayejua la kwanza tu atasoma gazeti bila taabu, ila mazungumzo ya kwenye chai yatampiga chenga.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Chukua daftari.

Hatua ya 1: Tazama kwanza "piga"

Kiswahili kinafanya vilevile, kwa hiyo usidhani Waingereza wana wazimu wa peke yao. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga hodi. Hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili anakuta kwenye kamusi kwamba "piga" ni "hit", anabaki akijiuliza hiyo pasi imekosa nini.

Sasa geuza upande. Kwa Kiingereza simu ni "make a call", picha ni "take a photo", pasi ni "do the ironing", meno ni "brush your teeth", kura ni "cast a vote" au "vote" peke yake, kupiga hodi ni "knock on the door", na chafya ina kitenzi chake, "sneeze". "Piga" wetu mmoja ametawanyika kila upande. Kinachoamua ni nomino: "photo" inataka "take", "mistake" inataka "make", "homework" inataka "do". Hakuna hoja ya kushindana nayo hapo, kama isivyokuwapo ya kueleza kwa nini sisi tunakula kiapo na kula hasara.

Kwa hiyo usipange daftari lako kwa vitenzi. Ukiandika "take" na mbele yake "chukua", ukiambiwa "take a seat" kwenye usaili utatafuta mahali pa kubebea kiti, kumbe umekaribishwa ukae. Andika nomino kushoto, kitenzi chake kulia, na chini yake sentensi moja unayoweza kuitumia kesho. Photo, take: "Could you take a photo of us?" Dereva wa watalii ataombwa hivyo kabla hata ya chakula cha mchana.

Hatua ya 2: Gawanya "fanya" katika mafungu mawili

"Make" na "do" zote kwetu huwa "fanya", na hapa ndipo makosa yanapomiminika. Kuna kigezo kinachosaidia mara nyingi, si zote. Kama mwishoni kuna kitu ambacho mwanzoni hakikuwepo, tumia "make": "make tea", "make a list", "make a mistake", "make a decision", "make a promise", "make friends", "make a noise". Hata fedha huingia humu: kupata faida ni "make a profit" na kupata hasara ni "make a loss", ingawa kwenye hasara sioni kilichotengenezwa.

Kama ni shughuli au wajibu wa kutekeleza, tumia "do": "do the dishes" ni kuosha vyombo, "do the laundry" ni kufua, "do the shopping" ni kununua mahitaji ya nyumbani, "do business" ni kufanya biashara, "do your best" ni kujitahidi kadiri uwezavyo, "do me a favour" ni nifanyie hisani. Kutandika kitanda kunapaswa kuwa hapa, lakini Waingereza wameamua ni "make the bed". Wahudumu wa vyumba, hiyo ikaririni.

Mambo mawili kuhusu kazi. Kwanza, "nafanya kazi benki" ni "I work at a bank"; hiyo "do" haina nafasi. Pili, ukiulizwa "What do you do?", usijibu kwamba umekaa unakunywa soda. Umeulizwa unafanya kazi gani. Anayetaka kujua unafanya nini sasa hivi atasema "What are you doing?"

Mtihani nao una vitenzi vitatu: "do an exam" inaeleweka kote, Wamarekani hupenda "take", Waingereza husema pia "sit".

Hatua ya 3: Usimwachie "have" kila "nina"

Sisi tuna njaa, tuna kiu, tuna usingizi, tuna furaha, tuna haraka, tuna miaka 30. Kiingereza kwa mambo haya hakitumii "have", kinatumia "be": "I'm hungry", "I'm thirsty", "I'm sleepy", "I'm happy", "I'm in a hurry", "I'm thirty". Ukisema "I have hunger" utaeleweka, ila utasikika kama mtu anayesoma tafsiri.

Vilevile "nasikia" na "naona" zetu zina mikono mirefu. Nasikia harufu ya gesi: "I can smell gas". Nasikia kizunguzungu: "I feel dizzy". Naona baridi: "I'm cold". Naona aibu: "I feel shy", au "I'm embarrassed" kama umeaibika. Sikio na jicho havihusiki kabisa.

"Have" yenyewe imepewa kazi tusizoitarajia. Chakula: "have breakfast", "have a coffee". Mapumziko na mazungumzo: "have a rest", "have a chat". Matukio: kupata ajali ni "have an accident", kujifungua au kupata mtoto ni "have a baby". Kuoga na kutazama kunagawanya nchi: Mwingereza kwa kawaida husema "have a shower" na "have a look", Mmarekani "take a shower" na "take a look". Chagua moja uende nayo, hakuna atakayekulaumu.

Kisha kuna kuomba. "Naomba maji" usiitafsiri kwa "ask" wala "beg", na "Give me water" inasikika kama amri. Sema "Could I have some water, please?" Mgeni akikuambia hivyo mkahawani, hakuulizi kama anaruhusiwa kuwa na maji. Anaagiza.

Onyo moja hapa. Kwa kuwa "-na-" yetu hubeba yote mawili, la kawaida na la sasa hivi, watu wengi huku Afrika Mashariki wanasema "I'm having two children". Kwa Mwingereza sentensi hiyo inaelekea kumaanisha una mimba ya mapacha. Kama ni baba mwenye kitambi anayesema, ataangaliwa mara mbili. Kumiliki ni "I have" au "I've got", bila "-ing".

Hatua ya 4: Kaa na "get" wiki nzima

Kama una muda wa kitenzi kimoja tu, chagua hiki. Wapo walimu wa zamani waliokikataza kwenye insha kwa sababu eti ni cha kivivu. Kwenye insha sawa. Mdomoni huwezi kuishi bila hicho.

Maana ya kwanza ni ile unayoijua, kupata: "get a job", "get a message". Ya pili ni kufika: "I get to work at eight", nafika kazini saa mbili. Zingatia kwamba nyumbani hakuna "to": "I got home late". Ya tatu ni kuleta au kwenda kuchukua: "Can you get me a chair?" Ya nne ni kuelewa: "I don't get it", sijaelewa, hasa utani.

Ya tano ndiyo yenye utajiri, yaani kuingia katika hali mpya. Linganisha: "I'm tired" ni nimechoka, hali ipo tayari. "I'm getting tired" ni naanza kuchoka, hali inakuja. "It's getting dark" ni giza linaingia. "He's getting old" ni anazeeka. Humuhumu wamo "get married", kuoa au kuolewa, "get lost", kupotea njia, "get sick", kuugua, na "get used to", kuzoea. Unapotaka kusema jambo linabadilika na hujui kitenzi chake, weka "get" na kivumishi; mara nyingi utakuwa umelenga.

Ya sita ni kutendwa. Kulipwa ni "get paid", kuibiwa ni "get robbed", kufukuzwa kazi ni "get fired". Kwenye vitabu utaona "be paid", "be robbed", na hizo ni sahihi pia, ila mtaani "get" ndiyo inayosikika sana.

Ya saba ni kumfanya mtu afanye: "I'll get someone to fix it", nitamtafuta mtu airekebishe. Wengi huisahau ile "to". Na kama kazi inafanywa na fundi, husemi umeifanya mwenyewe: "I got my hair cut" ni nimenyolewa, au nimekatwa nywele. Ukisema "I cut my hair", wengine wataelewa umejikata mwenyewe mbele ya kioo.

Halafu vyombo vya usafiri. Kupanda na kushuka kwetu ni kulekule, Kiingereza kinagawa. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, ndege na meli, ni "get on" na "get off". Unachokalia kwa kutanua miguu, kama pikipiki, baiskeli na farasi, pia ni "get on" na "get off". Gari dogo, teksi na mtumbwi unaoingia kwa kuinama ni "get in" na "get out of". Bodaboda basi ni "on". Bajaji ni "in". Daladala waite "on" hata kama mmeinama wote. Neno "alight" tunalolipenda kwenye tangazo la basi lipo na ni sahihi, lakini mtu hamwambii rafiki yake "Let's alight here". Anasema "Let's get off here".

Hatua ya 5: Jua kineno cha nyuma kinakaa wapi

Taa hatuiwashi kwa "open" wala kuizima kwa "close". Ni "turn on" na "turn off". Kuvaa nguo, lile tendo lenyewe, ni "put on". Kuwa umeivaa ni "wear". Kuvua ni "take off", na "take off" hiyohiyo ni ndege kuruka. Kupokea simu ni "pick up" au "answer", kukata ni "hang up". Kumpitia mtu kwa gari ni "pick up", kumshusha anakokwenda ni "drop off".

Kanuni ya mpangilio ni fupi na inastahili kuandikwa kwa wino mwekundu. Nomino inaweza kukaa mwishoni au katikati: "turn off the light", "turn the light off". Kiwakilishi lazima kikae katikati: "turn it off", "pick me up", "put them on". "Turn off it" haipo.

Wapo wakaidi wasiokubali kutenganishwa. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia. Hawa hubaki pamoja hata kwa kiwakilishi: "look after him", "I ran into her in town". Njia ya kuwatofautisha kwa kutazama tu hakuna. Ndiyo maana kila kifungu unachokiandika kwenye daftari kiandikie na sentensi moja yenye "it" au "him".

Wenye maneno matatu ni wachache na wanajulikana: "put up with", kuvumilia, "run out of", kuishiwa, "look forward to", kungojea kwa hamu. Huyu wa mwisho ameharibu barua nyingi za maombi ya kazi. Watu huandika "I look forward to hear from you". Sahihi ni "I look forward to hearing from you", pamoja na "-ing", kila mara.

Sasa tuwasikilize watu wawili. Ni saa kumi jioni, mapokezi ya hoteli:

— Hi, we're in room twelve. The shower won't turn off. Could you get someone to have a look at it?
— I'm so sorry. I'll send someone up right away.
— Thanks. Oh, and we've run out of towels.
— I'll get you some more.
— Great. We're going out at six. Can the driver pick us up here and drop us off at the beach?
— Of course. I'll give him a call.

Hakuna neno gumu hapo, na bado mtu mwenye cheti kizuri anaweza kuachwa njia panda. "Won't turn off" si kwamba bomba limegoma kwa hiari yake, ni halifungiki. "Get someone to have a look" imebeba "get" ya hatua ya 4 na "have" ya hatua ya 3 kwa pumzi moja. "We've run out of towels" inalingana kabisa na tumeishiwa taulo, na ni bahati kwetu kwa sababu wanaoishiwa ni watu katika lugha zote mbili. "Send someone up" inatuambia chumba kiko juu. Na "give him a call" ni nitampigia. Dada wa mapokezi hakutumia sentensi ndefu hata moja, na ndiyo ufundi wenyewe. Soma mazungumzo haya kwa sauti na mwenzako, kisha mbadilishane nafasi, badala ya taulo weka sabuni, badala ya pwani weka uwanja wa ndege.

Hatua ya 6: Angalia "-ia" yetu inavyokwenda Kiingereza

Kauli ya kutendea ni fahari ya Kiswahili, ila ukiibeba nzima inamwaga. Nifungulie mlango si "Open me the door", ni "Open the door for me". Nishikie mkoba ni "Hold my bag for me". Nieleze ni "Explain it to me", kamwe si "Explain me". Lakini niletee ni "Bring me", na nipikie inakubali pande zote mbili, "Cook me something" au "Cook something for me". Kwa jumla, kitu kinachofika mkononi mwa mtu, kama "bring", "give", "send", "show", hukubali mtu akae mbele. Msaada wa kumfanyia mtu kazi huhitaji "for". Niongezee chai, ambayo wengi huigeuza kuwa "Add me tea", ni "Could I have some more tea?"

Pitia haraka majozi haya: "say" haina mtu mbele yake, "tell" lazima awe naye, kwa hiyo "He told me", si "He said me". "Lend" ni kumpa mtu aazime, "borrow" ni kuazima wewe, kwa hiyo "Can you lend me a pen?" Hapa kopa na kopesha zitakukumbusha.

Hatua ya 7: Tenganisha Kiingereza cha kwetu na cha mgeni

Sina ugomvi na Kiingereza cha Nairobi wala cha Dar es Salaam. "Come and pick me at the stage" inafanya kazi yake vizuri kati ya watu wanaoelewana. Shida huja mteja akiwa ametoka mbali. Ukimwambia "I'm coming" huku unaondoka, kwa sababu kichwani umesema "nakuja", atasimama akishangaa unaelekea upande gani. Sema "I'll be right back". Ukimwambia rafiki uliyempoteza muda mrefu "You are lost", atatazama ramani. Sema "I haven't seen you for ages". "Cope up with" iondoe "up". "On the light" iongezee "turn" mwanzoni. Nisindikize hadi kituoni, badala ya "Escort me", ni "Walk me to the bus stop".

Hatua ya 8: Mpangilio wa mazoezi

Asubuhi chagua nomino tatu za kazi yako mwenyewe. Mhudumu achukue "order", "table", "bill". Atapata "take an order", "lay the table", "pay the bill". Fundi simu achukue "battery", "screen", "password". Atapata "charge the battery", "replace the screen", "reset your password". Tafuta kitenzi cha kila moja kwenye kamusi ya wanaojifunza, ukisoma mifano ya chini, kwa kuwa maana ya juu peke yake haikuonyeshi jinsi neno linavyotumika. Mchana sikiliza kama kuna mtu atakitumia. Jioni kiseme kwa sauti ndani ya sentensi yenye kiwakilishi.

Usijifunze "get up", "get off", "get over", "get by" na "get away" siku moja eti kwa sababu zinafanana. Zitachanganyika kichwani hadi kesho kutwa. Changanya vitenzi tofauti, kila kimoja na hali yake.

Mpangilio ninaoupendekeza ni "get", kisha "take", "make" na "do" pamoja, "have", halafu "put", "turn" na "look". "Run" ije baadaye. "Set" iache ya mwisho kabisa. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka 1989, ndilo neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko mengine yote. Kwa sasa "set the alarm", tegesha kengele ya kuamka, inakutosha.